Mbwa wa Mgeni Akiugua Nyumbani Kwako

Juzi dada mmoja wa Watamu kaniandikia: amefungua nyumba ya kupangisha wageni, anataka kuruhusu wanyama ila anaogopa. Ruhusu, dada. Hapa Malindi wageni wa Nairobi wanaosafiri na mbwa wao hukaa siku nyingi na hawapigani bei. Lakini jipange.

Mgeni wangu wa Pasaka alimpeleka mbwa wake ufukweni alfajiri. Waliporudi, kabla chai haijapoa, mbwa akatapika barazani, miguu ya nyuma ikamlegea kama mlevi wa mnazi. Mwenyewe akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia: "Mmetega sumu ya panya!" Nyumba yangu ina paka, sumu ya panya ya nini?

Sikujibizana naye. Niliinama nikatazama matapishi. Mlikuwa na kipande cha ngozi nyeupe yenye vimiba vidogo vidogo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita akachungulia mara moja tu: "Kala bunju huyo, mwanangu."

Wa pwani hahitaji maelezo, ila wa bara mjue: bunju ni samaki mwenye sumu, na sumu yake imo kwenye ini, mayai na hata ngozi, haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa ya kuivunja. Hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Anachoweza daktari ni kumshikilia mgonjwa mpaka sumu imwishie mwilini. Kwa hiyo kila dakika unayobishana ni ya mbwa.

Namba ya daktari wa mifugo nimeibandika kwenye mlango wa friji, nikampigia papo hapo. Askari wangu ni Mshafii, Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hakulalamika. Alileta turubai, yeye pembe mbili, mgeni pembe mbili, tukampakia kwenye tuktuk. Matapishi nikayafunga kwenye mfuko ayaone daktari. Akatiwa dripu, akalala huko huko, asubuhi akanywa maji mwenyewe. Najivunia siku ile, sifichi.

Malipo yangu? Nyota tatu, na maneno "mazingira si salama kwa wanyama." Utadhani bunju nimemvua mimi!

Basi nisikilizeni, nyie mnaotaka kufika mbali na kazi hii. Daktari kwanza, lawama baadaye. Msimnyweshe mnyama maziwa eti yanakata sumu. Aliyelegea koo yatamwingia mapafuni. Msimpe Panadol, paka humuua kabisa. Piga picha, andika saa, mpigie daktari. Nasema tena, daktari. Na usimtie mkono mdomoni mbwa anayetoa mate usiyejua amechanjwa kichaa au la. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Ndiyo maana cheti cha chanjo mimi nakiomba kabla sijatoa ufunguo, na anayenuna na anune. Mwenye nyumba asiye na masharti atachezewa.

Na wewe dada wa Watamu, andika kwenye masharti yako kwamba gharama za daktari ni za mwenye mnyama. Ile tuktuk na ile dripu zilitoka kwenye M-Pesa yangu, na yule mgeni simu zangu hapokei.