Nani wa kuitwa Kapteni?

SWALI: Kijana wa mtaani kwetu amemaliza Chuo cha Bahari Dar es Salaam na tayari watu wanamwita Kapteni. Mzee anayeendesha jahazi tangu ujanani, bila cheti cha chuo, anaitwa nahodha tu. Ni haki kweli? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Kijana wenu anaharakishwa. Kwa meli za tani 500 na kuendelea, mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka mwanafunzi wa sitaha, yaani anayesomea kuongoza meli, atumikie baharini angalau miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, kila kazi ikisainiwa kwenye daftari lake, na miezi 6 kati ya hiyo ashike zamu kwenye chumba cha usukani chini ya ofisa. Wengi hukwama hapo, maana meli za kupokea wanafunzi ni chache. Akivuka anakuwa ofisa wa zamu. Cheti cha unahodha kinadai miezi 36 zaidi ya uofisa, au 24 iwapo 12 kati yake alikuwa msaidizi mkuu wa nahodha.

Mkitaka uhakika, someni cheti chenyewe, si sare. Tazameni wadhifa ulioandikwa, mipaka ya tani, na tarehe: hakizidi miaka 5 bila kuhuishwa. Vyeti hivyo kwa Tanzania Bara hutolewa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Mzee wenu ni nahodha kamili. Kusi likichafuka, atamsikiliza sarahangi, msaidizi wake chomboni, lakini neno la kutua tanga, kurudi nyuma au kutosa shehena ni lake, na roho zilizomo chomboni ziko mikononi mwake. Mwiteni Nahodha mbele ya jina lake, hadharani, kama mnavyomwita Daktari wa hospitali. Inasikitisha kwamba hata hilo linahitaji kuombwa.

Rubani wa bandari anayepanda meli ya korosho kuiingiza bandari ya Mtwara huelekeza njia. Dhamana ya meli haimtoki nahodha wake. Rubani huyo mwiteni Kapteni ikiwa ana cheti cha unahodha.

SWALI: Mpwa wangu ana digrii ya ujenzi. Aandike "Mhandisi" kwenye kadi yake? – Msomaji, Lindi

JIBU: Bado. Ajisajili kwanza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ataanza kama mhandisi mhitimu. Daraja la mhandisi mtaalamu huja baada ya uzoefu wa kazi chini ya msimamizi. Kujitangaza mhandisi bila usajili ni kosa kisheria. Akishasajiliwa, namba yake ya usajili iwe kwenye kadi hiyo hiyo, ili mwenye kiwanja aweze kuihakiki kabla ya kumkabidhi kazi.