Unatafuta mitingi ya kuacha pombe? Piga simu kwanza

Jumapili usiku jamaa mmoja wa Nakuru kaniandikia inbox: "Buda, hizo mitingi za AA zinapatikana wapi, na nikienda si watu watanijua?" AA ni Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Nilicheka kidogo halafu nikanyamaza, maana mwezi huu natimiza miaka minne sijaonja hata bia ya keg, na hilo swali la pili ndilo lilinikalisha baa karibu mwaka mzima baada ya mimi mwenyewe kukubali kwamba pombe imenishinda.

Nilikuwa mtu wa mzinga mimi. Asubuhi lazima nitoe lock, yaani ninywe tena kupunguza hangover ya jana, nikifika kazini natafuna Big G tatu kwa mpigo nikidhani hakuna anayesikia harufu, kumbe ofisi nzima inajua. Siku moja mama akaitisha kikao, na kakangu mkubwa akasema mbele ya watoto wangu, "Huyu msimpe hata pesa ya maziwa." Miaka minne hii amenisalimia vizuri tu, lakini kunipongeza, hata siku moja. Sawa.

Baada ya hicho kikao ndio nikaingia kwa simu kutafuta. Nikapata orodha, Jumanne saa kumi na mbili unusu jioni, ukumbi wa kanisa fulani hapa Nairobi. Sikuangalia iliandikwa lini, sikuuliza mtu. Nikanyoa ndevu, nikapanda matatu, kufika nakuta kwaya inafanya mazoezi. Askari wa geti akaniuliza nataka nini, na mimi mwanaume mzima nikamwambia natafuta kikundi cha maombi. Akanijibu, "Cha kina mama ni Alhamisi." Nikamshukuru, nikavuka barabara, nikaingia baa ya kwanza niliyoona, na huko nikajisifu eti angalau nimejaribu. Wiki iliyofuata nikakuta geti limefungwa. Ya tatu sikufika hata steji.

Kilichonitoa hapo ni simu. 1192, ile laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na mihadarati, ni ya bure, na niliipiga nikiwa nimejifungia choo cha kazini. Mama aliyepokea hakunihubiria, aliniuliza kama leo nimekunywa na kama niko salama, tukaongea, na baadaye kidogo nikawa na namba ya mtu wa AA. Huyo mzee akaniambia mitingi ilihamishwa siku, tena haiko ukumbini, iko nyuma kwa chumba cha watoto wa Sunday school. "Njoo, nitakuwa getini na koti la kijani." Kutoka getini hadi kile chumba ni hatua kama hamsini hivi, na nakuapia peke yangu nisingezimaliza.

Ndani tulikuwa watu tisa, kuna mwenye suti na kuna mwenye mafuta ya gari mikononi, wote kwa vile viti vidogo vya watoto, magoti kifuani. Na ndiyo, wa Nakuru, nilikuta mtu ananijua, mtu wa ploti yetu. Tukaangaliana. Naye amekalia kiti cha mtoto kama mimi, sasa nani atamsema mwenzake? Zaidi ya hapo siongezi, ya mle yanabaki mle.

Kwa hivyo piga simu kwanza. Uliza siku, uliza mlango gani, uliza kama ni mitingi ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kukaa asikilize, au ni ya wale tu wanaotaka kuacha. Hakuna kiingilio, kikapu kitapita ukiwa na kitu weka, huna kipitishe. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Utataja jina la kwanza na ukitaka kunyamaza nyamaza, mimi nilinyamaza mara tatu. Mke wako naye ana kwake, panaitwa Al-Anon, mitingi ya jamaa za walevi, asikae nyumbani akihesabu chupa. Lakini kama mikono inatetemeka kabla hujakunywa, onana na daktari kabla hujakata ghafla, mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kukuletea kifafa na hata kukuua. Mimi nilijifanya shujaa nikaanguka jikoni.

Na msiniambie simu ni kitu kidogo. Hiyo AA yenyewe ilianzia kwa simu. Mwaka 1935 Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha miezi michache tu, alikuwa hotelini Akron, Ohio, kule Marekani, dili ya biashara imekufa, baa iko palepale, akaona ni heri apigie makanisa simu aulize kama kuna mlevi mwenzake wa kuongea naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa Dr. Bob, daktari aliyeshindwa na pombe, na wale wawili wakaanzisha kitu ambacho mimi kimenikuta Nairobi. Sasa wewe kijana una bando, una simu ya tachi, unaniambia utaacha Januari! Januari gani? Mimi nilikuwa na Januari kama sita hivi, zote nilizimaliza nikidaiwa na mama wa keg. Wacheni kiburi, pigeni simu.

Wewe wa Nakuru, ulisema Jumamosi uko ofu. Namba ya mtu wa AA nimekutumia inbox. Mwambie avae kitu utakachokiona ukiwa bado ng'ambo ya barabara.