Jibu: Nimelipwa lakini sijafurahi, nimekuwa mvivu?

Habari kaka. Umesema ulishuka mlimani na bakshishi nono, ukafika Arusha ukaona ni karatasi tu. Hata Simba ikifunga hushtuki, na hii ni wiki ya tano. Unauliza kama ni uvivu.

Sidhani. Nilipitia hayo hayo hapa Moshi, masika ya mwaka juzi. Kilichonifungua macho ni majaribio ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz kwa kima, miaka ya 1990: seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali ya kupashana habari, zilichangamka tone la juisi lilipokuja bila kutarajiwa. Kima walipozoea taa inayotangulia juisi, seli zikachangamkia taa. Yaani dopamini inahusu zaidi matarajio kuliko utamu wenyewe. Kwa wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, ubongo huitikia zawadi kwa unyonge. Ndiyo maana kungoja "mpaka nijisikie" kulinipotezea miezi.

Kwanza kapime wingi wa damu na tezi ya thairoidi; vikipungua huleta uchovu unaofanana na huu. Kisha muone daktari wa afya ya akili. Mimi niliambiwa nipange kajambo kamoja kwa saa maalumu, hamu iwepo isiwepo. Nikachagua kutembea hadi msitu wa Rau saa kumi na mbili asubuhi. Wiki mbili, patupu! Ya tatu, harufu ya kahawa ya jirani ikanisimamisha njiani.

Mbege niliweka kando. Ya vidonge namwachia daktari wako. Ila yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.