Madumu Manane ya Maji

Mhariri, swali lenu la wiki limenikuta kwenye daladala, foleni ya Mtoni, jua la saa nane. Mmeuliza: "Je, chombo cha tanga bado kina kazi visiwani, au kimebaki pambo la kadi za watalii?" Hilo neno pambo limenichoma. Nimeshuka Mbagala bado nabishana nanyi moyoni, na mke wangu kashangaa naulizia kalamu kabla ya maji ya kunywa.

Habari ya kazi ingoje kidogo. Nianze na ambalo hamkuliuliza, yaani raha yake, maana anayeita ngalawa pambo hajapata kukalia mti wa tengo, ule unaoshika mbao za pembeni, huku upepo wa kusi unavuma.

Ngalawa mnaijua: gogo la mwembe lililochongwa, jembamba hata mtu mnene hukaa upandeupande, na mbao mbili za pembeni zinazoelea ili lisipinduke. Mlingoti mmoja, foromali moja, yaani mti unaobeba tanga, na tanga moja la pembe tatu. Siku hizi matanga mengi yana viraka vya viroba. La mjomba wangu lilikuwa la merikani, limegeuka rangi ya chai.

Ilikuwa mwaka 1988, mwezi wa Julai, mimi niko darasa la tano, nimepelekwa kwa mjomba Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia. Watu wa Mafia hawana haja ya kuelezwa. Jibondo kuna mafundi wanaounda mashua za kusifika, lakini miaka hiyo maji baridi yalivushwa kwa chombo. Asubuhi tulikwenda Utende, kwenye kisiwa kikubwa, na kusi mgongoni, raha mustarehe, mimi nimelala juu ya madumu matupu. Kurudi ndiyo kasheshe: madumu manane ya lita 20, kilo 160 za maji ndani ya gogo, upepo usoni, na maji ya bamvua, mkondo wote unatupinga.

"Tutakwenda bishi," mjomba akasema, kama mtu anayesema tutapitia dukani.

Kwa ambao hawajapata kwenda bishi: upepo ukitoka kule uendako, huendi moja kwa moja. Unakwenda mshazari huku, unapindua tanga, unakwenda mshazari kule, na kila mara unaiba kipande kidogo cha njia. Kupindua tanga la pembe tatu si mchezo. Mjomba alivuta kana, mpini wa usukani, chombo kikaugeuzia upepo mgongo, akaiachia demani, kamba ya kushikia tanga, na tanga lote likaruka mbele linapigapiga kama shuka kwenye kamba. Hapo ndipo zamu yangu. Nisimame omoni, mbele ya chombo, foromali isimame wima, niivushe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kisha niizungushe ncha ya demani nje ya kila kitu na kumrudishia mjomba nyuma, tezini, haya yote miguu imekanyaga ukingo wenye upana wa vidole vitatu. Mara ya kwanza demani ilinipiga shavuni hadi nikaona nyota. "Pole, mjomba," akaniambia, maana ndivyo tulivyoitana sote wawili, "sasa imekujua."

Tulipindua mara tisa. Nilihesabu. Kati ya kupindua na kupindua nilifua maji kwa kopo la maziwa, na upepo ukizidi mjomba alinionyesha tengo kwa kidevu tu, nikatambaa hadi nje kabisa, upande wa upepo, kuwa uzito. Kisiwa cha Chole kilikuwa kushoto kwetu, haisogei. Nikatapika, nikafua maji, nikatapika.

Baada ya kupindua mara ya sita, au ya saba, ikaja mashua yenye mashine, imejaa watu, inaelekea kule kule. Ikapunguza mwendo. "Nahodha, tukupe kamba?" Mjomba akainua mkono wa demani. "Ahsante, ndugu zangu. Tunafika." Wakacheka kidogo, wakaondoka, moshi wao ukabaki juu ya maji muda mrefu. Nilimchukia mjomba wangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Halafu jua likashuka upande wa Rufiji, na upepo ukahama kidogo, si sana, ila kwa ngalawa kidogo ni kingi. Mjomba akakaza demani, akaniita nije niishike. Ilikuwa hai. Sijui niseme vipi. Kamba ilitetemeka kiganjani mwangu kama mshipi wenye samaki, gogo likaacha kupiga mawimbi likaanza kuyapasua, ule ubao wa upande wangu ukatoka majini wote ukawa unadondosha matone, na chini ya chombo kukatokea mlio mmoja mwembamba usiokatika. "Unamsikia?" mjomba akauliza. Hakusema unasikia nini. Nikaitika tu. Tukaenda hivyo hadi Jibondo bila kupindua tena, na mimi ndiye mwenye demani.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, vijiweni, msibani, hata kwenye mahafali ya mwanangu, na siku zote hukiishia hapo. Leo nilikuwa na nia ya kukiishia hapo tena, kisha niwaambie kwamba mashine imetuharibia bahari. Ila karatasi ina tabia ya kungoja, si kama wasikilizaji. Na pwani ya Jibondo jioni ile hakuwa amesimama mtu wa kutupongeza. Alikuwa amesimama mkazamjomba, mtoto mgongoni, na mtoto anaharisha tangu jana yake. Ndani kulikuwa kumebaki kata moja ya maji. Ile mashua ya mashine ilikuwa imefika zamani, na abiria wake walikwishamwambia kwamba mumewe amekataa kamba.

Hakupiga kelele. Alitwaa dumu moja, akasema, "Umecheza na upepo, nimekaa na mtoto," akaondoka. Mjomba akabaki anakunja tanga, polepole kuliko kawaida.

Mtoto alipona, alhamdulillah. Lakini niwe mkweli: ile raha ninayoitetea ilikuwa ya wanaume wawili ndani ya gogo, na gharama yake ililipwa nchi kavu na mtu ambaye hajapata hata siku moja kupewa demani aishike. Ukiuliza wanawake wa visiwani swali lenu hili, nadhani barua mtakazopata zitakuwa fupi.

Basi jibu langu, kwa shingo upande. Maji, mgonjwa, mja mzito, mwalimu anayewahi kipindi: mashine, tena yenye mafuta ya akiba. Mtego wa karibu na mwamba, kamba ya mshipi, maji ya magotini ambako mashine itakwangua mchanga: ngalawa, maana upepo haupandi bei kama petroli. Na mtalii akitaka kulipa apande, apande, sioni dhambi, ilimradi anayeshika kana awe bado anajua kwenda bishi na si kwenda na kurudi kwa picha tu. Nimeshasema sipendi neno pambo, na naona nimelikubali nusu. Iwe hivyo.

Yule mtoto aliyekuwa akiharisha leo ni mvuvi. Ana boti ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 15. Mwaka jana alinivusha kutoka Utende, nikamwomba azime kidogo katikati nisikilize maji. "Kusikiliza nini, kaka?" Akazima lakini. Faiba haitoi ule mlio. Inagotagota tu kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Mkondo ukaanza kutuchukua. Akavuta kamba ya mashine, kimya. Akavuta tena, kimya. Akanitazama, akaniuliza kama bado najua kupindua tanga.

Tanga lenyewe hatukuwa nalo. Mashine ilishika mara ya nne.