Nondo haifai nyundo ya kuchipia, nayasema haya nikiwa nimeumia

Juzi kijana kanitumia meseji, "Shikamoo fundi, nina kipande cha nondo ya mm 16, kinafaa kufulia nyundo ya kutolea slagi?" Slagi ni lile gamba linaloganda juu ya weldi, na nyundo ya kulitolea ndo hiyo ya kuchipia. Nimeisoma meseji nikakumbuka mbali sana.

Mimi ya kwanza niliifua kwa nondo hiyohiyo. Nikaipiga msasa, nikaona nimeshakuwa mhunzi. Siku ya tatu nachipia slagi kwenye kona ya geti, ncha ikajikunja kama ukucha. Bosi wangu wa wakati ule akainyanyua juu mbele ya wateja, "oneni kazi ya fundi wetu." Mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Nondo za kawaida zina kaboni kidogo jamani, hata uipashe moto uizamishe kwenye maji mara kumi haiwi ngumu ya kazi hii.

Nikahamia springi, jani la Fuso lililokatika. Hapo chuma nilipatia maana springi inabeba kaboni kama asilimia 0.6, ila nikaitoa motoni nyekundu nikaitosa kwenye ndoo ya maji baridi, ikalia ti! Kumbe ndo imepata ufa, nikapuuza. Kugonga mara ya pili tu ncha ikaruka, ikapita karibu na sikio ikatoboa bati nyuma yangu. Nilikaa chini mikono inatetemeka. Ingekuwa jicho je?

Kwa hiyo mdogo wangu tafuta springi, na ukate mbali na pale ilipokatikia maana pana nyufa ambazo huzioni. Muuza skrepa atakwambia kila chuma ni springi, wewe omba grenda uguse kidogo. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka, springi cheche zake zinapasuka zinachanua matawi mengi. Ekseli nayo ni nzuri ila ni nene, mkono utakoma. Rodi ya shokapu yenye kromu achana nayo kabisa, moshi wake ukiungua ni sumu.

Ukishafua, pasha ncha mpaka sumaku ikatae kushika, zamisha ncha tu kwenye oili ya uvuguvugu, sio maji, nimesema sio maji. Isugue ing'ae halafu rudisha moto taratibu kutokea nyuma, utaona rangi inatembea, njano, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika nchani inataka kuwa bluu, poza hapohapo. Hapa ndo vijana mnapakimbia, mnataka nyundo leo hela leo, kumbe dakika hizo chache ndo zinalinda jicho lako na la anayekushikia kazi. Acheni haraka. Na miwani mvae, kila siku nasema.

Yangu ya sasa inaenda mwaka wa pili, nimeinoa mara nne tu. Mwezi uliopita yule bosi alikuja kuniomba nimfulie mbili. Nimemfulia, za springi, na hela yangu kanilipa yote.