Tongoni hawakupatelekeza, walihama

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kijana mwenye begi mgongoni na pesa ya kuungaunga aende mji gani mtulivu wa pwani, na ni magofu gani yaliyotelekezwa ya jirani asiyakose?

Mimi si kijana, na begi la mgongoni sina. Nina mkoba wa ukili. Ila nimekaa Tanga miaka 31, na mwezi wa nane mwaka jana mtoto wa kaka yangu alishuka stendi na begi refu kumzidi kichwa, akaniambia, "Shangazi, nimekuja kutembea." Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, na kila mtu ana maelezo yake ya msemo huo. Yeye aliondoka siku ya tisa.

Kwa hiyo jibu langu ni Tanga. Kwa utulivu hakuna ubishi. Ngamiani barabara zetu zina namba, hivyo mgeni hapotei mradi anajua kuhesabu. Watu ni wa baiskeli, wazee kwa vijana, na mama aliyevaa baibui akipita kwa baiskeli na kikapu cha samaki nyuma hageuziwi shingo na mtu. Utulivu huu nao una chanzo chake. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na wakati wa uhuru Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, mwingi wake ukipakiwa bandarini kwetu. Kamba za plastiki zilipoingia, bei ikaporomoka na kelele za mji zikaporomoka nayo. Anayekuja sasa anakuta barabara pana kuliko magari yake. Chakula sitaki kukizungumza, maana nitajaza ukurasa wenu wote kwa vitumbua tu.

Kwenye mapango ya Amboni kijana alikwenda peke yake, akarudi na matope na hadithi za popo. Kila mgeni huenda Amboni. Mimi nilitaka aende Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na hapa nikiri: miaka yote hiyo nilikuwa napita Tongoni kwenye gari la Pangani, nakiona kibao, nasema siku moja nitashuka. Nimeshuka kwa sababu ya mtoto wa watu.

Ni chini ya kilomita 20 kusini mwa mji. Yeye akang'ang'ania baiskeli, tukamkodia. Mimi nikapanda daladala, nikamwambia konda anishushe Tongoni, nikawa nimefika kabla ya saa nne na mfuko wa machungwa ya Muheza mapajani. Yeye alifika saa sita kasoro, anasukuma. Mwiba. Pampu alikuwa nayo, viraka hakuwa navyo. (Vijana, chukueni viraka.) Lakini bila pancha ile nisingeyaona niliyoyaona, maana angefika tungepiga picha tukaondoka.

Nililipa kiingilio, nikapewa risiti, nikawa naelekea penye msikiti. Pembeni, kivulini, alikuwa ameketi bibi mmoja anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama au umekuja kuomba?"

Nikababaika. Nikasema kutazama.

"Basi tazama. Msikitini vua viatu."

Msikiti wenyewe hauna paa. Una kuta, zingine zinanifika kiunoni, una kibla, na sakafu yake ni majani na vijiwe. Nikavua. Jua la saa nne lilikuwa limeshayapasha mawe, nikawa nanyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga jivu la moto, na bibi ananitazama bila kucheka. Ukutani pale lipu ilipobanduka unaona mambo ya ndani: matumbawe yaliyopangwa, na chokaa yenye vipande vidogo vya makombe. Mawe haya wazee waliyatoa baharini. Tumbawe bichi linachongeka kama muhogo. Likikaa juani ndipo linakuwa jiwe. Chokaa nayo ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa kwa kuni. Kwa hiyo mji mzima, msikiti na makaburi, ulitoka majini.

Makaburi ni kiasi cha 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na ndiyo yanayoifanya Tongoni ijulikane, kwa sababu hakuna mahali pengine pwani hii penye makaburi mengi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, pamoja kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka na zimelala kando ya wenyewe. Kwenye nguzo iliyosimama nilitia kidole ndani ya kishimo cha mviringo, laini kama kimefinyangwa. Hapo palipachikwa bakuli la Kichina. Bakuli halipo, limebaki tundu lenye umbo lake. Watu wa Bagamoyo watawaandikia kuhusu magofu yao ya Kaole, nayo ni nzuri, sina ugomvi nao.

Chini ya kaburi moja nilikuta kigae cha chungu chenye jivu. Niliinama nikanusa: ubani. Kando yake chupa ya marashi imekwisha, na kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kijiti. Jivu lilikuwa bado jepesi, halijanyeshewa. Hapo ndipo nilipolielewa swali la bibi, na hapo ndipo ninapogombana na swali lenu.

Mmesema magofu yaliyotelekezwa. Anayetelekezwa ni mke, mtoto, au gari bovu porini. Mji watu wanauhama, na kuhama si kutelekeza. Jina lenyewe limekaa wazi: tongo ni mahali palipohamwa, na Tongoni ni penye tongo. Mtu akihama anaacha kuta, lakini wafu wake hawaachi. Kijiji kiko hapo hapo jirani, majogoo wake wanasikika makaburini, na mwenye shida yake, mgonjwa au safari, anakuja na ubani. Paa la msikiti limeanguka, ila ukiingia unavua viatu.

Kijana wetu alipofika, jasho linamchuruzika, jambo la kwanza alilofanya ni kukalia ukingo wa kaburi atoe simu.

"Mjukuu wangu," bibi akamwita kwa upole, "kaburi la babu yako nalo unalikaliaga?"

Akaruka kama kaketi juu ya siafu. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, nikatoa machungwa.

Na habari ya machungwa ndiyo niliyomsimulia tukimenya. Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilipita pwani hii zikielekea kaskazini, moja ikakwama kwenye miamba ya hapa, São Rafael. Wenyeji waliifuata kwa mitumbwi, na mtumbwi mmoja ulijaa machungwa. Msafiri aliyekuwamo aliandika kwenye shajara yake kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Meli ikajinasua. Mapema mwaka 1499 wakarudi hapahapa, mabaharia wamepukutika kwa maradhi, hawatoshi meli tatu, wakaichoma moto São Rafael. Watu wa Mtangata, ndilo jina la zamani la huku, wakawauzia kuku kwa kubadilishana na mashati na bangili.

"Kwa hiyo walikuja na meli wakaondoka na kuku?" kijana akauliza.

Bibi alikuwa ameshaanza chungwa la pili. "Haya ya Muheza," akasema, "maji mengi."

Anayetaka kuja, aje kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Masika yatamlowesha, na Januari jua halina huruma. Abebe maji, maana mimi sikubeba, machungwa yakaniokoa. Mwanamke achukue kanga ya ziada. Aulize kabla ya kupiga picha vitu vilivyowekwa makaburini, na asiviguse.

Kurudi tulisimamisha daladala, baiskeli ikafungwa juu kwa kamba. Konda aliitoza nauli ya mtu mzima. Nikalipa mimi, na kijana akalala begani mwangu mpaka Ngamiani.