Kabla Hujahama Hifadhidata kwa Sababu ya Habari Zilizovuma

Kila baada ya miezi michache huvuma habari inayowatia kiwewe mafundi wanaohudumia biashara ndogo huku Malindi na Lamu. Kampuni ya hifadhidata (programu inayotunza rekodi za biashara) imebadilisha leseni, au imenunuliwa, au imepandisha bei, na kabla ya jioni makundi ya WhatsApp yamejaa ushauri wa kuhama. Mwenye nyumba ya wageni kule Shela anauliza kama orodha ya waliolipia vyumba vya Maulidi bado iko. BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, inayoandika kilo na bei za samaki kila asubuhi inaambiwa programu yake sasa ni ya kulipia. Mara nyingi si kweli, na kuhama kwa pupa hupoteza data nyingi kuliko leseni yoyote.

Hifadhidata naipima kwa maswali mawili. Nani anamiliki msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe? Na nikitaka kuondoka wiki hii, data itatoka kwa njia gani?

Swali la kwanza lina historia ya kutosha. Sun Microsystems waliinunua MySQL AB mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, na mwanzoni mwa 2010 Oracle wakaimeza Sun yenyewe. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa ameshachukua msimbo huohuo mwaka 2009 na kuanzisha MariaDB, kwa kuwa leseni ya GPL inamruhusu yeyote kufanya hivyo. Oktoba 2018 MongoDB waliacha AGPL, leseni huria ya jamii ya GPL, wakajitungia leseni ya SSPL, ambayo Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni huria, haiitambui kuwa huria. Elasticsearch ikafuata njia hiyo mwaka 2021, na Machi 2024 ikawa zamu ya Redis. Zote hizi zilikuwa na kampuni moja iliyoshika hatamu za msimbo, huku kampuni kubwa za wingu (zinazokodisha seva mtandaoni) zikiuza huduma iliyojengwa juu ya msimbo huo. Mwenye hatamu anapobanwa kimapato, hubadilisha masharti, na wewe uliyesakinisha bure huna kura.

Lakini soma sharti lenyewe kabla ya kushtuka. SSPL inamlenga anayeuza hifadhidata yenyewe kama huduma kwa watu wengine. Hoteli ya Casuarina inayotumia MongoDB kuandika wageni wake haiguswi kabisa. Tena toleo ulilonalo hubaki chini ya leseni uliyolipokea nalo. Mabadiliko huanzia kwenye matoleo yanayofuata. Redis 7.2.4 ilitolewa kwa leseni ya BSD, iliyo huria, na itabaki hivyo. Kutokana na toleo hilo ndipo Valkey ilipozaliwa, siku chache baada ya tangazo, chini ya Linux Foundation. Mwenye Redis 7.2 anaweza kuizima, kuichukua faili ya data yake, dump.rdb, kuiweka kwenye folda ya Valkey na kuiwasha. Aliyekwisha kupanda hadi Redis 7.4 hana njia hiyo nyepesi, kwa kuwa faili zake hazisomeki na Valkey. Aliyekimbilia toleo jipya bila kusoma ndiye aliyejifungia. Na Mei 2025 Redis wenyewe wakaongeza AGPL kama chaguo katika Redis 8, kwa hiyo aliyetulia hakupoteza kitu.

PostgreSQL iko tofauti, na ndiyo ninayoipendekeza pasipo kusita. Ilianza Berkeley mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina la sasa mwaka 1996, na haki za msimbo wake zimetawanyika kwa watu na kampuni nyingi. Hakuna wa kumnunua. Mwaka 2025 Databricks waliinunua Neon na Snowflake wakainunua Crunchy Data, kampuni mbili zinazoishi kwa PostgreSQL, na vichwa vya habari vikawa vikubwa. Waliopaswa kujali ni wateja wa huduma hizo. Aliyesakinisha PostgreSQL kwenye kompyuta ya dukani hakuguswa hata kidogo.

Kwa duka lenye kaunta moja, hata PostgreSQL ni kubwa mno. SQLite inatosha. Aliianzisha Richard Hipp mwaka 2000, haina mwenyewe kisheria, na imo ndani ya kila simu ya Android. Data yote hukaa katika faili moja. Ukiitumia, amuru `PRAGMA journal_mode=WAL;` ili wasomaji wasimzuie anayeandika, na `PRAGMA busy_timeout=5000;` ili programu isubiri sekunde tano badala ya kugoma. Ongeza `PRAGMA foreign_keys=ON;` kila inapofunguliwa, kwa sababu kwa kawaida ulinzi huo umezimwa na utajikuta na malipo ya mgeni asiyekuwepo. Usiiweke kwenye folda ya pamoja ili kompyuta mbili ziifungue kupitia mtandao: kufuli za faili huko haziaminiki, na faili inaweza kuharibika. Siku ya kaunta ya pili ndiyo siku ya kuhamia PostgreSQL.

Kuna makosa ya majedwali ambayo hifadhidata yoyote itayakubali kimya kimya. Fedha na uzani visiwekwe kwenye aina ya float (desimali ya makadirio). Humo, 0.1 ukijumlisha 0.2 unapata 0.30000000000000004, na mwisho wa mwezi hesabu ya BMU inapishana na daftari kwa senti ambazo hakuna anayeweza kuzieleza, basi wavuvi wanamshuku karani. Tumia `numeric(12,2)` kwa shilingi na `numeric(8,3)` kwa kilo. Wakati uandike kwa `timestamptz`, aina inayozingatia saa za eneo. Na wenye MySQL za zamani wakague herufi: aina inayoitwa utf8 humo hubeba baiti tatu tu kwa herufi, kwa hiyo emoji ya mgeni huangusha fomu nzima; inayotakiwa ni utf8mb4. Malindi yenye wageni wengi Waitaliano huonyesha kosa lingine. Jina Niccolò likichapishwa kwenye risiti kama NiccolÃ², faili ya UTF-8 imesomwa mahali fulani kana kwamba ni Windows-1252. Tafuta hatua hiyo uirekebishe. Usisahihishe majina kwa mkono, kwa kuwa usafirishaji unaofuata utayaharibu tena.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito: data inatoka vipi?

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta folda ya data ya PostgreSQL kwenye seva isiyostahili. Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala, na walipozigeukia wakakuta hazisaidii. Ile ya kila siku ilikuwa ikiendeshwa na pg_dump, programu ya kutoa nakala ya PostgreSQL, ya toleo la 9.2 wakati seva ilikuwa 9.6, programu ilikataa, ghala la nakala likawa tupu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine saa sita kabla. Walieleza haya yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Kama kampuni yenye wahandisi wengi ilifikia hapo, nyumba ya wageni yenye fundi mmoja anayekuja mara moja kwa mwezi isijidanganye kwamba flashi iliyochomekwa ni usalama.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Kwenye kompyuta yenye PostgreSQL, toa nakala:

`pg_dump -Fc -f wageni.dump wageni`

Hakikisha pg_dump ni ya toleo sawa na seva, au jipya zaidi. `pg_dump --version` itakuambia. Watumiaji na nywila zao hawamo ndani ya nakala hiyo, kwa hiyo ongeza `pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql`. Wengi huliona pengo hili siku ya msiba. Ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga, iwekwe wakati kompyuta imewaka: saa nane usiku ni desturi ya vitabuni, lakini duka likizimwa saa tatu usiku hakuna nakala itakayotoka. Afadhali iwe nusu saa kabla ya kufunga. Itoe kwa jina lenye tarehe, ili nakala mbovu ya leo isifute nzima ya jana.

Kisha irudishe. Hapa ndipo watu wanapochoka, na ndipo kazi ilipo. Mara moja kwa mwezi, kwenye kompyuta nyingine:

`createdb jaribio`
`pg_restore -d jaribio wageni.dump`

Ingia ndani uulize idadi ya safu za jedwali la malipo na tarehe ya malipo ya mwisho. Ikiwa tarehe ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita, nakala zako zimesimama tangu hapo hata kama faili zinaendelea kuonekana. Pima pia muda uliotumika tangu mwanzo hadi mwisho. Huo ndio muda ambao kaunta itakaa na daftari la karatasi siku diski ikifa.

Kwa wenye MySQL au MariaDB, `mysqldump --single-transaction` hutoa nakala yenye kulingana bila kuwafungia wanaouza, mradi majedwali ni ya aina ya InnoDB. Wa SQLite wasinakili faili programu ikiwa inaendelea, kwa sababu maandishi ya karibuni huwa bado yako katika faili ya pembeni yenye mkia wa -wal. Tumia `VACUUM INTO 'nakala.db';` upate faili moja kamili.

Nakala moja ikae nje ya jengo. Ya Lamu ivuke kwenda Mokowe au Malindi, ya Malindi iende Mombasa. Kuitegemea seva ya Ulaya peke yake hakutoshi: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Nakala ya nyumba ya wageni ikibanwa ni megabaiti chache, inaingia kwenye simu. Ila ifunge kwanza kwa gpg, programu ya kusimba faili, maana ina nambari za pasipoti. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data ikivuja na watu wakawa hatarini, na flashi iliyopotea kwenye boti inaweza kuhesabika. Nenosiri la kufungulia lisikae kwenye mfuko mmoja na flashi.

Kuhusu stima, nitasema kwa ufupi. Kuna ushauri mtandaoni wa kuweka `fsync=off`, yaani PostgreSQL isisubiri data ifike kwenye diski, ili iwe na kasi. Usiufuate. Kwa mpangilio huo, umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata nzima inaweza isifunguke tena. Nunua UPS yenye waya wa USB na usakinishe NUT, programu inayoisikiliza UPS, ili kompyuta ijizime yenyewe betri ikikaribia kwisha. Diski nyingi za SSD za bei nafuu zinaweza kudai zimeandika ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, ndiyo maana UPS inahitajika hata fsync ikiwa imewashwa.

Mlango wa 5432, unaotumiwa na PostgreSQL, usifunguliwe kwenye intaneti kwa hali yoyote. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nenosiri zilifutwa, na mahali pake pakawekwa ujumbe wa kudai fidia. Kwenye pg_hba.conf, faili ya PostgreSQL ya ruhusa za kuingia, futa kila mstari wenye neno trust (kuingia bila nenosiri) unaohusu mtandao, uweke scram-sha-256, inayodai nenosiri. Mwenye hoteli akitaka kuona hesabu akiwa Nairobi, mfungulie WireGuard, njia ya siri ya mtandao (VPN).

Mwisho ni matoleo. PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia kwa miaka mitano. MySQL 5.7 ilifikia kikomo Oktoba 2023, na 8.0 ilipangiwa Aprili 2026. Tarehe hizi ndizo habari zinazostahili kuwekwa kwenye kalenda kuliko ununuzi wowote wa kampuni. Unapobadilisha kompyuta, usibebe folda ya data ya PostgreSQL kutoka Debian 9 ya zamani (mfumo endeshi wa Linux) ukaipachika kwenye Debian ya sasa. Kuanzia toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya Linux, mpangilio wa herufi ulibadilika, kwa hiyo fahirisi (orodha za kutafutia) zilizojengwa kwa mpangilio wa kale huanza kukosa majina yaliyomo na kuruhusu nambari ya risiti ijirudie mara mbili, bila ujumbe wowote wa kosa. Hamisha kwa pg_dump na pg_restore, fahirisi zitajengwa upya zenyewe. Kama folda imeshabebwa, endesha `REINDEX DATABASE wageni;` leo kabla kaunta haijafunguliwa. Fahirisi ya kipekee ikigoma kujengwa, ujumbe wake utakutajia thamani iliyojirudia: shughulikia risiti hizo moja moja pamoja na mhasibu, kisha iendeshe tena.